Mfalme wa Majina Mawili

Juu ya lango la Fort Jesus, mjini Mombasa, lipo jiwe lenye maandishi ya Kireno ambalo wageni wengi hulipita bila kuinua shingo. Linamtukuza kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635 akiwa kijana wa miaka 27. Jiwe linasema aliikarabati ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaadhibu watu wa bara, na kule Pemba akawaua viongozi na wakubwa wa kisiwa. Sababu ya adhabu zote hizo imetajwa kwa maneno machache: pwani iliasi chini ya mfalme dhalimu. Jina la mfalme huyo halimo.

Alikuwa na majina mawili. Alipozaliwa aliitwa Yusuf bin Hasan. Alipobatizwa Goa aliitwa Dom Jerónimo Chingulia. Kwa jina la pili alimwandikia Papa barua ya utii. Kwa jina la kwanza aliingia Fort Jesus na watu wake, na siku zilizofuata Wareno wa Mombasa wakauawa karibu wote, wanaume, wanawake na watoto.

Kisa hiki kina umri wa karibu miaka 400, na kila upande umekihifadhi kwa namna ya kujipendelea. Kwa Kanisa ni habari ya mashahidi wa imani. Kwa wengi wa pwani ni habari ya mwana aliyelipa kisasi cha baba yake na kumtoa mgeni mjini. Zote mbili zina ukweli ndani yake, na kila moja imeacha nje kile ambacho nyingine inakililia.

Merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa Aprili 1498, matanga yake yalibeba msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo, jumuiya ya askari wa dini iliyorithi mali za Watemplari nchini Ureno. Msalaba ule haukuwa pambo. Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashambulia Waislamu na wapagani, kuteka nchi zao na kuwatia utumwani. Mwaka 1455 akampa Mreno peke yake haki ya kuteka na kufanya biashara katika pwani za Afrika alizozifikia. Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Desemba 1496 Mfalme Manuel I aliamuru Wayahudi na Waislamu watoke nchini mwake, na mwaka uliofuata, mwaka uleule da Gama alipong'oa nanga Lisbon, maelfu ya Wayahudi walibatizwa kwa nguvu. Watu waliokuja pwani walikuwa wametoka katika nchi ambayo ndiyo kwanza imeamua kwamba raia mwenye dini nyingine si raia.

Wakaja na mizinga. Julai 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, na Agosti akaiteketeza Mombasa. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaiteka tena na kuichoma kabla hajaondoka. Katika bahari yenyewe, chombo kisicho na hati ya Mreno kiliweza kukamatwa na kunyang'anywa shehena. Manahodha waliokuwa wakifuata kusi na kaskazi kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa sasa waliambiwa bahari ina mwenyewe.

Hata hivyo, anayeeleza miaka ile kuwa vita vya Waislamu na Wakristo tu atakwama akifika Malindi. Malindi ulikuwa mji wa Kiislamu sawa na Mombasa, wenye misikiti, mashehe na lugha ileile. Ndio uliompokea da Gama na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, na nguzo yake ya mawe ingali imesimama pale ufukweni. Malindi ilikuwa na ushindani wake na Mombasa tangu kabla Mreno hajajulikana, na katika mgeni huyu mwenye mizinga iliona nafasi ya kumshinda jirani. Dini ilikuwa kwenye matanga. Hesabu za biashara na za nani awe mkubwa zilikuwa chini, shehenani.

Mombasa nayo ilitafuta bwana wake. Mwaka 1585 nahodha wa Kituruki, Amir Ali Bey, alishuka pwani kwa jina la Sultani wa Uturuki, na miji mingi ikampokea kama mkombozi. Alirudi mwaka 1588 na kujijenga Mombasa. Machi 1589 alijikuta amebanwa: merikebu za Wareno kutoka Goa baharini, na ng'ambo ya kivuko jeshi la Wazimba lililokuwa limepanda kutoka kusini likiharibu kila mji. Mombasa ikaangamia kwa mara nyingine. Ali Bey alikamatwa, akapelekwa Lisbon, na waandishi wa Kireno wanasema huko alibatizwa. Wazimba wakasonga hadi Malindi, na huko wakashindwa kwa msaada wa Wasegeju.

Baada ya hapo malipo ya urafiki wa Malindi yakafika. Wasegeju waliiteka Mombasa na kuikabidhi kwa Sultani wa Malindi, ukoo wa Kishirazi uliokuwa ukiitawala Mombasa ukakoma, na Sultani huyo, Ahmad, akahamia Mombasa kama mfalme. Wareno nao hawakuwa mbali. Tarehe 11 Aprili 1593 walianza kujenga ngome juu ya jabali la matumbawe kwenye mlango wa bandari, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Milan, na wakaipa jina la Yesu. Mwaka 1597 watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino walifungua nyumba yao mjini. Mtaa mkuu wa Wareno waliuita La Raposeira. Leo ni Ndia Kuu, na mwendo wake kutoka ngomeni bado ni uleule.

Mfalme wa Kiislamu, basi, alikaa mjini mwake chini ya ngome yenye jina la Kikristo, na aliahidiwa theluthi moja ya ushuru wa forodha. Theluthi hiyo ndiyo chanzo cha mengi. Kapteni wa ngome alitoka Goa kwa muda wa miaka michache na alitaka kuondoka tajiri. Kila fungu lililoingia kwa mfalme lilihesabika kuwa limetoka mfukoni mwake. Wenyeji wa pwani wana usemi kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Ahmad aliubusu. Mwanawe Hasan alichoka.

Ugomvi wa Sultani Hasan bin Ahmad na kapteni Manuel de Melo Pereira ulikuwa wa mapato na mamlaka, lakini ulivishwa nguo nyingine: mfalme ni msaliti, mfalme hana imani na taji la Ureno. Mwaka 1614 Hasan alikimbilia bara, kwa watu wa Rabai ambao Wareno waliwaita Musungulo. Kapteni aliwahonga baadhi yao, na mgeni waliyempa hifadhi wakamuua. Kichwa chake kilipelekwa Goa.

Mfalme huyu hakuuawa vitani, wala hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Alikuwa mwana wa ukoo uliokuwa rafiki wa Ureno kwa zaidi ya miaka 100, tangu siku ya kwanza ya da Gama. Ikiwa rafiki mkubwa kuliko wote katika pwani nzima aliweza kukatwa kichwa kwa ajili ya ushuru, mji mwingine wowote ulijua una thamani gani.

Alimwacha mtoto wa miaka 7 hivi. Wareno wakamchukua.

Goa ya wakati huo ilikuwa makao makuu ya Ureno ya Mashariki, mji wa makanisa makubwa na soko la watumwa. Tangu 1560 ulikuwa pia na Mahakama ya Uchunguzi wa Imani, iliyokuwa na uwezo wa kumkamata Mkristo aliyeshukiwa kurudia dini ya wazazi wake. Aliyebatizwa akaonekana akifuata saumu ya zamani, au akiswali kwa siri, alikuwa na kesi, na kesi ile iliweza kuishia kwenye moto. Mwaka 1559 ilitoka amri kwamba watoto wa Kihindu wasio na baba wachukuliwe na kulelewa katika Ukristo. Dola ilikuwa imejipa haki juu ya yatima. Kwa Yusuf ilikwenda hatua moja mbele zaidi: ilimfanya yatima kwanza, kisha ikamlea.

Alilelewa na Waaugustino katika nyumba yao ya Mama Yetu wa Neema, kanisa ambalo kipande cha mnara wake kingali kimesimama Goa ya kale. Alifundishwa Kireno, akafundishwa sala, akabatizwa Jerónimo. Alipokua alitumika katika manowari za Ureno, akapewa heshima ya Shirika la Kristo, lile lile lenye msalaba wa matanga ya da Gama. Alioa mke Mkristo, Dona Isabel Varela. Kwa macho ya Goa alikuwa tunda bora kabisa la mradi mzima: mfalme Mwafrika, Mkatoliki, askari wa taji, atakayerudi kwao na kuwavuta watu wake nyuma yake.

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwaka uliofuata alimwandikia Papa Urban VIII akimweleza utii wake.

Maisha aliyoyakuta yanataka kufikiriwa polepole. Mjini alikuta watu wa baba yake, wanaosali misikitini, wanaozikana kwa desturi za Kiislamu, wanaokumbuka kichwa kilichopelekwa ng'ambo. Kwao alikuwa Mkristo aliyeletwa na wauaji wa Hasan. Ngomeni alikuta kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, ambaye kwake yeye alikuwa mtu mweusi aliyepewa cheo. Ubatizo ambao Goa ilimwambia umemfanya ndugu haukumpatia heshima ya kapteni, na ulimnyima heshima ya raia zake. Mfalme asiyeaminiwa na upande wowote hana pa kusimama isipokuwa kaburini kwa baba yake.

Na huko ndiko alikokwenda. Taarifa za Wareno zinasema alionekana usiku akiswali na kuomba dua kwenye kaburi la Hasan kwa desturi ya Kiislamu. Aliyemwona alimpelekea kapteni habari.

Hapa pana fundo la kisa chote. Kama Yusuf angekuwa Mwislamu tangu mwanzo, kuzuru kaburi la mzazi kusingekuwa habari. Watu wa mjini walifanya hivyo kila siku mbele ya macho ya kapteni. Lakini aliyebatizwa alikuwa chini ya sheria ya Goa. Dua moja ilimfanya murtadi, na murtadi mwenye taji alikuwa pia mwasi. Kapteni Gamboa akapanga kumkamata na kumsafirisha Goa akahukumiwe. Katika mfumo ule hapakuwa na mpaka kati ya kosa la imani na kosa la siasa. Mtoto aliyebatizwa kabla ya kujua maana yake alibeba makosa yote mawili mpaka ukubwani. Siri ikavuja, Yusuf akaonywa.

Alitangulia yeye. Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, alikwenda ngomeni na wafuasi wake kama mtu anayekwenda kumwamkia kapteni. Hapakuwa na sababu ya kumzuia mlangoni; alikuwa mfalme, rafiki wa taji, Dom Jerónimo. Alimuua Gamboa, watu wake wakawamaliza walinzi, na nyumba za Wareno mjini zikatiwa moto. Walionusurika usiku ule walikimbilia kwa watawa wa Augustino, na kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa kimbilio lao la mwisho.

Lililofuata ndilo linalowapa tabu wanaotaka kumfanya Yusuf shujaa tu. Alitangaza kwamba amerudi katika Uislamu, na akawataka Wakristo waliokuwa mikononi mwake waukane Ukristo au wafe. Hesabu inayotajwa zaidi na wanahistoria ni Wareno 150: wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70. Pamoja nao waliuawa Waafrika waliobatizwa, watu wa pwani ileile, ambao hawakuwa na theluthi ya ushuru wala hawakumhonga mtu amuue Hasan. Miongoni mwao alikuwa Dom António wa Malindi, jamaa yake mwenyewe Yusuf, Mkristo kama yeye alivyokuwa. Alikataa kugeuka, akauawa.

Watoto 70. Yusuf alijua ni nini mtoto kulipishwa ugomvi wa wakubwa; maisha yake yote yalikuwa ushahidi wa jambo hilo. Aliwapa wengine kile kile alichopewa yeye Goa, imani kwa amri ya mwenye silaha, ila yeye aliongeza kisu. Dhuluma aliyotendewa ilikuwa ya kweli, na hakuna sehemu ya dhuluma hiyo inayoihalalisha nyumba ya watawa iliyojaa akina mama na watoto. Uislamu wenyewe hauna cha kumpa hapa: aya inayosema hakuna kulazimishana katika dini ilikuwa ikisomwa Mombasa karne nyingi kabla ya tanga la kwanza la Mreno kuonekana, na katika misikiti ileile aliyotaka sasa kuitetea.

Kisiasa, hata hivyo, alijua alichokuwa akifanya. Kulitangaza tendo lake kuwa la dini kuliligeuza kisasi cha mtu mmoja kuwa mwito wa pwani nzima. Miji mingi ilikuwa na manung'uniko yake juu ya ushuru, hati za baharini na makapteni; Yusuf aliyapa manung'uniko hayo bendera moja. Pate, Siyu, Pemba na miji mingine ikauacha utii wa Mreno. Unguja haikumfuata, na baadaye jambo hilo lingemgharimu.

Goa ilituma jeshi. Kuanzia tarehe 10 Januari 1632 Wareno waliizingira ngome waliyoijenga wenyewe, na wakagundua imejengwa vizuri mno. Aliyekuwa ndani alizijua mbinu zao zote, kwa kuwa wao ndio waliomfundisha. Tarehe 19 Machi walikata tamaa na kuondoka. Mtoto wa Hasan alikuwa ameishinda dola nzima ya Mashariki kwa mizinga yake yenyewe.

Kisha, miezi miwili tu baadaye, akaondoka. Tarehe 16 Mei 1632 aliiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapakia alichoweza kubeba, na akaiacha Mombasa. Wareno wachache waliokuwa wamebaki Unguja wakavuka, na tarehe 5 Agosti wakaingia tena Fort Jesus chini ya Pedro Rodrigues Botelho.

Uamuzi huo unaeleza mengi juu ya utawala wake. Aliweza kuwakusanya watu kwa hasira na kwa jina la dini, lakini hakuwa na mji wa kuutawala siku ya pili yake. Biashara ilikuwa imekatika, jeshi jingine lilitarajiwa, na msaada mkubwa wa Uturuki, ule ambao pwani ilikuwa ikiuota tangu enzi za Ali Bey, haukuja. Mwenye bendera akapanda chombo, na walioifuata bendera wakabaki ufukweni.

Hao ndio waliolipa. Jiwe la Cabreira linaeleza walivyolipa, na linaeleza kwa fahari: kuta za Pate na Siyu chini, wakubwa wa Pemba wameuawa kwa uamuzi wa kapteni mwenyewe, wafalme wadogo wa pwani wamerudishwa katika kodi. Yusuf alizunguka bahari akiwa haramia, akiviandama vyombo vya Wareno, mpaka mwaka 1638 alipouawa na maharamia wengine karibu na Jeddah. Ukoo wa Malindi haukukalia tena kiti cha Mombasa.

Wakati huohuo Goa ilikuwa na kazi nyingine. Waaugustino walikusanya ushahidi wa walionusurika, wakiwemo Waafrika Wakristo, ili waliouawa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani. Ni kwa sababu ya mashauri hayo ndipo siku zile za Agosti zinajulikana kwa undani kuliko karibu tukio lolote jingine la pwani la karne ile. Mwaka 1980 mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville alizichapisha nyaraka hizo kwa Kiingereza. Ushahidi wa mtu aliyeona mama akichomwa mkuki si propaganda, na aliyeutoa anastahili kusikilizwa. Lakini mashauri hayo yaliuliza swali moja tu, waliuawa kwa chuki ya imani au la. Kichwa cha Hasan, theluthi ya ushuru na mtoto aliyechukuliwa havikuwa sehemu ya shauri. Hakuna aliyeandika mashauri ya 1614.

Upande wa pili nao ulijitengenezea usahaulifu wake. Mwaka 1650 Waomani waliwatoa Wareno Muskat, na wazee wa Mombasa wakamwomba Imamu wa Oman awasaidie. Kuanzia Machi 1696 ngome ilizingirwa kwa karibu miaka mitatu, ikaanguka Desemba 1698, na isipokuwa kwa muda mfupi mwaka 1728 hadi 1729 Wareno hawakurudi. Ushindi huo mkubwa uliufunika ule wa Yusuf. Pale alipokumbukwa, alikumbukwa kama mtangulizi wa ukombozi, na watoto 70 wakaanguka nje ya hadithi.

Lugha yenyewe iliweka kumbukumbu yake. Wataalamu wengi wanaona kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Jinsi nyumba ya ibada ilivyogeuka kuwa nyumba ya kufungia watu katika vinywa vya Waswahili, hakuna kamusi inayohitaji kulieleza sana kwa mtu aliyesoma habari za Fort Jesus. Waingereza walikuja kuifanya ngome hiyo kuwa gereza hasa, tangu 1895 hadi 1958.

Kwa nini kisa hiki kirudiwe sasa? Kwa sababu bado kuna watu wanaoishi kwa maneno yake. Jeshi la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, al-Shabaab waliwaita askari hao watu wa msalaba, kana kwamba matanga ya 1498 ndiyo kwanza yameonekana. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo Mohammed, mhubiri aliyekuwa akiliunga mkono kundi hilo, alipigwa risasi Mombasa akiwa garini na familia yake, ghasia zikalipuka na makanisa yakashambuliwa. Muumini aliyechomewa kanisa hakuwa amemuua Rogo. Tarehe 10 Juni 2014 aliuawa Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliyewapinga hadharani vijana wa msimamo mkali waliotaka kuteka misikiti. Na tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wenye bunduki waliwatenga wanafunzi kwa dini zao. Watu 148 waliuawa.

Serikali nayo ilikuwa na makosa yake. Misako iliyokusanya watu kwa sababu ya kabila, mavazi au mtaa iliwapa wahubiri wa chuki hadithi waliyoihitaji, kama vile Melo Pereira alivyompa Yusuf kaburi la kulilia. Hilo linaweza kusemwa kwa sauti bila kumpunguzia muuaji hata chembe ya jukumu lake.

Lipo pia jibu jingine. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Waliwavisha wenzao hijabu, wakawaambia wauaji ama wawaue wote ama wawaache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika kadhia hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Swali lililoulizwa Mombasa mwaka 1631 liliulizwa tena, na safari hii walioulizwa hawakukubali kulijibu.

Fort Jesus ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Shule hupeleka watoto pale kila muhula. Mwalimu atakayefika na wanafunzi wake awasimamishe kidogo langoni na kuwasomea jiwe la Cabreira. Awaambie habari za Waafrika na Wareno waliouawa Agosti 1631, wakiwemo watoto 70. Kisha awape jina ambalo jiwe limelificha: Yusuf bin Hasan, aliyepelekwa Goa akiwa na miaka 7 hivi, mwaka uleule kilipopelekwa kichwa cha baba yake.